Ngome Zinapogeuzwa Makumbusho: Bahla, Jabrin na Ngome ya Mombasa

Kila mwaka, jua la Oman likianza kupoa kuanzia Novemba, jamaa zetu wa Unguja, Mombasa, Uingereza na Kanada huanza kumiminika. Wakishamaliza kuwaamkia wazee, neno la pili ni "tupelekeni Nizwa." Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na mkaazi wa Maskati, na kwa miaka mingi kazi ya kuwatembeza wageni imeniangukia mimi. Maswali yao yanafanana. Ngome hii ni ya kale kweli au imejengwa upya? Mbona vyumba vingine ni vitupu? Na ile ya kwetu Mombasa ina uhusiano gani na hizi?

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa mpangilio. Nitaanza na Bahla, ambayo ni ya zama za kati, nipite Jabrin na Nizwa, kisha nivuke bahari hadi Mombasa. Jambo ninalotaka msomaji atoke nalo ni moja. Ngome ikikarabatiwa, kuna mtu amechagua ionekane kama ilivyokuwa wakati gani. Ikigeuzwa makumbusho, kuna mtu amechagua habari ipi isemwe na ipi inyamaziwe. Ngome zetu nyingi zimesimama tena, alhamdulillahi. Habari zake bado ni nusunusu, na nusu inayokosekana imo vichwani mwa wazee wetu.

Maneno kwanza

Kiswahili chenyewe kimehifadhi historia ya majengo haya. Neno "husuni" limetoka kwenye Kiarabu, na Kilwa Kisiwani liko kasri la karne ya 14 linaloitwa Husuni Kubwa mpaka leo. "Buruji" ni mnara wa ngome, nalo ni la Kiarabu vilevile. "Gereza" lina safari ndefu zaidi: asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, jina likawaganda majengo, na majengo yale yalipokuja kutumiwa kufungia watu, gereza likawa ndiyo jela.

Neno la nne ni "saruji". Kwetu sisi saruji ni simenti ya kiwandani, ya mfuko. Hapa Oman saruji ni kitu kingine kabisa. Ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto, ukapondwa, kisha ukachanganywa kuwa lipu isiyopitisha maji. Kwa saruji hiyo zilijengwa mifereji ya falaji, mahodhi na sehemu za ngome zinazolowa. Jina ni moja na vitu ni viwili, na kama tutakavyoona, kukitumia kimoja mahali pa kingine kunaweza kuangusha ukuta.

Bahla: ngome ya udongo

Bahla iko Oman ya ndani, mbele ya Nizwa, chini ya Jabal Akhdar. Ilikuwa makao ya Bani Nabhan, kabila lililotawala sehemu hizi na kustawi kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Ngome imesimama juu ya mwamba, misingi yake ni ya mawe, na kuta na minara yake ni matofali ya udongo mbichi, yaani udongo uliokaushwa juani bila ya kuchomwa. Kuta zinapanda hadi kiasi cha mita 50. Karibu yake uko msikiti wa Ijumaa wenye mihrabu ya nakshi, na oasisi nzima, pamoja na mitende, nyumba na soko, imezungukwa na ukuta wa kilomita zipatazo 12. Wazee hupenda kusimulia kwamba ukuta ule ulijengwa na majini kwa usiku mmoja. Mgeni akiuona urefu wake, haoni ajabu kwa nini watu walisema hivyo.

Mwaka 1987 Bahla iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa mahali pa kwanza pa Oman kupata heshima hiyo. Mwaka uliofuata, 1988, iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kila baada ya msimu wa mvua vipande vya ukuta vilikuwa vikiporomoka.

Hapa ndipo inapofaa kueleza ugonjwa wa jengo la udongo, maana ukiujua utaelewa kazi yote iliyofuata. Maadui wake wawili ni maji ya juu na maji ya chini. Ya juu ni mvua inayotuama kwenye dari au kupenya kichwani mwa ukuta pale lipu ilipopasuka. Ya chini ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, ukabeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki ndani ya ngozi ya ukuta, ikaganda na kuumega polepole. Ndiyo maana ukuta wa udongo huanza kuliwa miguuni, kiasi cha magoti, na siku moja ukainama.

Dawa ya zamani ni matunzo yasiyokwisha. Kila baada ya misimu michache ukuta hupakwa upya lipu ya udongo uliochanganywa na makapi, dari hutengenezwa mwinamo, na milizamu ya kutupa maji mbali na ukuta husafishwa. Nyumba ikihamwa, matunzo husita, na udongo hurudi kuwa udongo. Oman ya miaka ya 1970 na 1980 watu walihamia nyumba za matofali ya simenti zenye umeme na maji ya bomba, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini majengo ya zamani yalipoteza wale waliokuwa wakiyapaka.

Kwa nini simenti ni adui

Fundi wa leo akiona ukuta unaporomoka, mkono wake huenda kwenye mfuko wa simenti. Simenti ni ngumu, hukauka upesi, na kwa macho huonekana imemaliza tatizo. Tabu ni kwamba ukuta wa udongo unapumua. Unyevu ulioingia lazima upate njia ya kutoka, na simenti huiziba njia hiyo. Kwa nje ukuta unaonekana mzima, kwa ndani unageuka tope, na siku ya siku ganda lote huanguka pamoja na tofali zilizokuwa nyuma yake. Msingi wa zege nao una tabia nyingine: hauendi pamoja na ukuta. Udongo unatanuka na kunywea, zege halitikisiki, na pale vinapokutana hufanyika ufa.

Haya ndiyo yaliyokuwa yakishughulikiwa Bahla kwa miaka. Wataalamu wa hapa, wakisaidiwa na UNESCO, walishika kanuni ya kutumia vifaa vya udongo, na yakaandaliwa mafunzo ili mafundi waepuke misingi ya zege na kuezeka mapaa mapya mahali ambapo hapakujulikana kama palikuwa na paa. Kazi ilikwenda taratibu. Mwaka 2004 Bahla iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2012 milango ilifunguliwa kwa wageni. Hesabu basi: kutoka kutajwa kuwa hatarini hadi mgeni kuingia na tiketi yake ilipita miaka 24. Anayedhani kukarabati ngome ni kazi ya mkandarasi wa miezi 18, aikumbuke hesabu hiyo.

Sasa nijibu lile swali la vyumba vitupu. Bahla ilijengwa na kujengwa tena kwa karne nyingi. Sehemu yake ya kale kabisa huitwa Qasaba, na nyingine ziliongezwa baadaye na watawala mbalimbali. Chumba kimoja kinaweza kuwa kilikaliwa na vizazi 20, kila kizazi na matumizi yake. Ukiweka zulia, mito na dalla ya kahawa, umemwambia mgeni kwamba chumba kilikuwa hivi, na pengine hakikuwa hivyo. Walioachia vyumba vitupu wamechagua jengo lenyewe liwe ndilo la kutazamwa. Watoto wangu hulalamika kwamba hakuna kitu cha kuona. Mimi huwaambia watazame unene wa kuta, watafute milizamu, wajaribu kutambua ukuta upi umeungwa kwa upi. Chumba kitupu kinamtaka mgeni afanye kazi kidogo.

Jabrin na Nizwa: baba na wanawe wawili

Kilomita chache kutoka Bahla iko Jabrin, na hapa ukarabati ulikwenda njia nyingine. Jabrin si ya zama za kati. Ilijengwa katika karne ya 17 na Imam Bil'arab bin Sultan al-Ya'rubi, na tokea mwanzo ilikusudiwa kuwa kasri na mahali pa elimu zaidi kuliko ngome ya vita. Dari zake za mbao zimepakwa rangi kwa maua na maandishi. Kuna chumba kinachoitwa cha Jua na Mwezi, chenye madirisha ya chini na ya juu ili upepo wa baridi uingie chini na wa moto utokee juu. Kuna mfereji wa falaji unaopita ndani, ghala la tende lenye vijito sakafuni vya kukusanyia asali yake, na chini limo kaburi la Imam mwenyewe. Jabrin ilikarabatiwa mapema kuliko Bahla, katika miaka ya mwanzo ya 1980, kazi ambayo msanifu Eugenio Galdieri wa Italia alishiriki. Kwa kuwa jengo lilikuwa la mtu mmoja na enzi moja, ilikuwa rahisi kulirejesha katika sura ya enzi hiyo na kulipamba kwa vyombo.

Nizwa iko katikati ya njia hizi mbili. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Ndani, mnara umejazwa udongo na mawe hadi karibu nusu ya urefu wake, ili ustahimili mizinga na uwe jukwaa la mizinga yake wenyewe. Husuni iliyo ubavuni ni ya kale kuliko mnara. Vyumba vyake vimefanywa vya maonyesho, vyenye picha, maelezo na vyombo, na mgeni anatoka akiwa amejifunza jinsi watu walivyoishi.

Zingatia nasaba ya majengo haya, maana ndiyo itakayotuvusha bahari. Sultan bin Saif, mwenye mnara wa Nizwa, alikuwa na wana wawili waliopata uimamu. Bil'arab alijenga Jabrin. Ndugu yake, Saif bin Sultan, aligombana naye, akamzingira humo humo Jabrin, na Bil'arab akafia ndani ya kasri lake mwaka 1692. Huyu Saif aliyebaki ndiye ambaye majeshi yake, miaka minne baadaye, yaliizingira ngome ya Wareno Mombasa. Nizwa ya baba, Jabrin ya mwana mmoja, Mombasa ya mwana wa pili. Nimewatembeza watu wa Mombasa Jabrin, wakasoma kila ubao ukutani, na hilo la Mombasa hawakulijua mpaka nilipowaambia mimi.

Mombasa: kutoka gereza hadi makumbusho

Ngome ya Mombasa, ambayo ulimwengu unaiita Fort Jesus, ilianzwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kiitaliano aliyewatumikia. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari ya kale. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, aliwaasi na kuiteka. Wareno wakairudia. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na mzingiro ukaenda hadi Desemba 1698 kabla ngome haijaanguka. Katika vita hivyo manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyoletwa kusaidia, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichunguza mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimo ndani ya makumbusho leo.

Baada ya hapo ngome ikawa ya Waomani, ukiacha muda mfupi wa 1728 na 1729 Wareno waliporudi. Kisha ikawa ya Mazrui, na kuanzia 1837 ya Sayyid Said na wanawe wa Unguja. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya jela, ikawa jela hadi 1958.

Mwaka huo 1958 ndipo kazi ya makumbusho ilipoanza, kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Wafungwa walihamishwa na majengo ya jela yakabomolewa. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekwisha chimba Gedi, alifukua na kusimamia ukarabati, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1962. Mwaka 2011 ngome iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Tazama chaguo lililofanyika. Tabaka la jela, la miaka 63, liliondolewa ili matabaka ya chini yaonekane. Ukiingia leo unaona kuta za Wareno, michoro ya majahazi na watu iliyochorwa ukutani na mabaharia wao, ukumbi wa baraza wa Mazrui, na Nyumba ya Waomani juu ya buruji la San Felipe, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18. Kuhusu jela hutaona mengi. Wapo watu wa Mombasa ambao babu zao walifungwa humo, na kwao Ngome ni jina la huzuni. Sisemi jela isingebomolewa, maana ilikuwa imeifunika ngome yenyewe. Nasema kwamba kubomoa ni kuchagua, na lililobomolewa linastahili angalau chumba kimoja cha picha na majina.

Hapa Maskati tunao mfano unaofanana. Ngome ya Jalali, iliyojengwa na Wareno katika karne ya 16 juu ya mwamba wa bandari, nayo ilikuwa jela hadi miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 ilikarabatiwa ikafanywa makumbusho, lakini kwa muda mrefu ikawa ni ya kuonyeshwa wageni wa dola tu. Ngome mbili, pwani mbili, maisha yaleyale: Wareno, Waomani, jela, makumbusho.

Sasa piga hesabu ndogo. Wareno waliikaa Ngome ya Mombasa kiasi cha miaka 105. Waomani, Mazrui na masultani wa Unguja waliishika karibu miaka 200. Lakini jina linalotumika duniani ni la Kireno, na sifa iliyoingiza ngome katika orodha ya UNESCO ni ustadi wa Wareno wa kujenga ngome za karne ya 16. Sifa hiyo ni ya haki, maana ramani ni yao. Ila mtoto wetu akitoka pale anadhani Waomani walipita tu.

Makumbusho yanaitaka nini ngome

Kuigeuza ngome iwe makumbusho kunaleta mvutano ambao mgeni haoni. Ngome ilijengwa ili watu wasiingie, na makumbusho yanataka watu waingie kwa mamia. Ngazi ni nyembamba na vidato havilingani. Mzee wa magongo au mwenye kiti cha magurudumu hafiki juu bila ya kubadili kitu. Nyaya za umeme zinahitaji njia, na kuchimba ukuta wa udongo kupitisha waya ni kuufungulia maji mlango. Vyoo vinaleta mabomba, na bomba likivuja ndani ya jengo la udongo madhara yake ni makubwa kuliko ya mvua ya mwaka mzima.

Vitu vyenyewe navyo vina masharti. Karatasi na nguo hufifia zikipigwa na mwanga, na kanuni ya kawaida ya makumbusho ni mwanga hafifu wa lux 50 hivi. Kanzu ya harusi ya bibi na msahafu wa mkono haviwezi kukaa kwenye chumba chenye dirisha la jua la Oman. Ukifunga kiyoyozi ili kuvilinda, kuta nazo zinaanza kukauka na kulowa kwa namna ambayo hazikuizoea. Ndiyo maana vitu vingi vya thamani vimepelekwa kwenye majengo mapya yaliyojengwa kwa kazi hiyo, kama Makumbusho ya Taifa ya Maskati, yaliyofunguliwa 2016, au yale ya Oman Across Ages huko Manah, yaliyofunguliwa 2023.

Kanuni ya mafundi wazuri ni mbili. Ya kwanza, kila kilichoongezwa kiweze kuondolewa bila ya kuudhuru ukuta: ngazi ya chuma iliyosimama yenyewe, taa iliyowekwa sakafuni, ubao wa maelezo ulio kwenye miguu yake. Ya pili, jipya lisijifanye la kale. Ukitazama vizuri utaweza kuona ukuta wa zamani unakoishia na wa juzi unakoanzia. Nikiwa na wageni hilo ndilo la kwanza ninalowaonyesha, kwani ndilo jibu la swali la "ni ya kale au imejengwa upya". Jibu ni kwamba ni vyote viwili, na fundi mwaminifu hakukuficha.

Jengo likichelewa

Kwa sisi wa Unguja na Mombasa, tarehe 25 Desemba 2020 haisahauliki. Beit al-Ajaib, kasri alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wa saa, katikati ya ukarabati uliokuwa ukigharamiwa na Oman. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki, Mungu awarehemu. Kabla ya hapo jengo lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni, na ukumbini mwake ulisimama mtepe, lile jahazi la kushonwa kwa kamba. Lilikuwa limetoa dalili za kuchoka miaka mingi kabla, na mwaka 2012 sehemu yake ilikuwa imeshaanguka.

Sikitajii kisa hiki kumtia mtu lawama. Ninakitaja kwa sababu mara nyingi tunazungumza juu ya urithi kana kwamba fedha zikishapatikana kazi imekwisha. Jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye boriti zilizooza ndani ya ukuta, linaweza kufa wakati wa matibabu. Matunzo ya kila mwaka ni ya gharama ndogo, hayana sherehe wala utepe wa kukata, na ndiyo yanayoliokoa.

Nusu inayokosekana

Narudi kwenye jambo langu la mwanzo. Shangazi yangu, aliyehamia Oman miaka ya 1970, aliwahi kuingia nyumba moja ya zamani ya Mutrah iliyokuwa ikitengenezwa. Alitazama dari kwa muda, kisha akasema, "Hizi boriti ni za kwetu hizi." Alikuwa sahihi. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakirudi kila msimu na shehena za boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, na nusu ya nyumba za pwani hii zimelala chini ya miti ya pwani ile. Fundi aliyekuwa pale, kijana wa kutoka Bara Hindi, hakuwa na habari. Wala ubao wa maelezo, ulipokuja kuwekwa, haukusema.

Katika ngome za Oman nimesoma mbao za Kiarabu na Kiingereza, nzuri na za makini. Kiswahili, lugha inayosemwa nyumbani na maelfu ya raia wa nchi hii, sijakikuta ukutani. Sidhani ni chuki. Nadhani hakuna aliyeomba, na hakuna aliyepeleka maandishi. Makumbusho huandika kile alicholetewa.

Kwa hiyo yako mambo ambayo yamo mikononi mwetu. Toeni picha za zamani masandukuni na muandike nyuma yake, kwa penseli, majina, mahali na mwaka, maadamu yuko anayekumbuka. Warekodini wazee kwa Kiswahili chao, bila ya kuwasahihisha, na muwaulize mambo ya mikono: dari ilipigwaje, chokaa ilichomwa wapi, nani alipaka, boriti zilinunuliwaje. Mkitaka kutoa kitu kwa makumbusho, toeni nakala kwanza, na kama ni kitu chenyewe kiandikiwe karatasi inayosema kimetoka kwa nani na kwa masharti gani. Mkitembelea ngome, ulizeni maelezo ya Kiswahili na mwache maoni yenu kwenye daftari la wageni, maana madaftari hayo husomwa.

Na mkiwa Bahla, msiegemee kuta wala kuwaacha watoto wazipande. Nendeni asubuhi mapema, saa 2 au saa 3, wakati jua liko upande na kila ungo wa ukuta unaonekana. Jabrin muifanye baada yake, kwa kuwa iko karibu, kisha mrudi Nizwa jioni. Atakayewatembeza awaambie habari ya baba na wanawe wawili, na jina la Mombasa litajwe hapo.